Mla na Mliwa: Historia Fupi ya Poka katika Intaneti



Wapendwa katika Kristo, vijana kadhaa wameniuliza, kwa nyakati mbalimbali, swali ambalo halijibiki vema tukiwa tumesimama mlangoni mwa kanisa. Wanasema: "Padre, sisi hatubeti mpira wala hatuchezi bahati nasibu. Sisi tunacheza poka katika simu, na poka ni mchezo wa akili. Mwenye akili hushinda. Je, hiyo nayo ni kamari? Na kama ni kamari, ni dhambi?" Swali hili si la kipuuzi. Majaji wa Marekani walilishughulikia kwa uzito, kama tutakavyoona, na wanateolojia wa maadili walilichambua karne nyingi kabla intaneti haijabuniwa. Nimeona njia njema ya kulijibu ni kusimulia historia ya mchezo huo tangu ulipoingia katika intaneti. Historia yenyewe ni fupi, nayo imebeba karibu yote ambayo Kanisa liliyaonya zamani.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wapo wanaodhani kwamba Kanisa Katoliki limelaani kila mchezo wa kuwekeana dau. Sivyo. Ni kweli kwamba Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliwakataza makleri kucheza dadu na hata kuwapo mahali zinapochezwa (nalitaja hili kwa ajili ya waamini wanaopenda kutualika mezani). Ni kweli pia kwamba Mtakatifu Bernardino wa Siena alihubiri kwa ukali dhidi ya karata mjini Bologna mwaka 1423, wakati karata zilikuwa hazijatimiza hata karne moja huko Ulaya. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inafundisha kwa kipimo: michezo ya bahati na kuwekeana dau kwa asili yake si kinyume cha haki, huwa haikubaliki pale inapomnyima mtu kile anachokihitaji kwa maisha yake na ya wale wanaomtegemea, na tamaa yake yaweza kumfanya mtu mtumwa. Kudanganya katika mchezo ni jambo zito. Nasi seminarini tulifundishwa masharti manne ya wanateolojia wa zamani: anayeweka dau aweke mali iliyo yake kweli, acheze kwa hiari, pasiwe na hila, na pawe na usawa wa kiasi kati ya wachezaji. Mpendwa msomaji, uyaweke moyoni masharti hayo, maana tutayahitaji.

Poka ina tabia moja inayoitofautisha na michezo mingi ya nyumba za kamari. Kwenye gurudumu la bahati au mashine ya sarafu, mtu hupambana na mwenye nyumba. Katika poka wachezaji hupambana wao kwa wao, na mwenye meza hukaa pembeni akikata fungu dogo katika fedha zilizokusanyika mezani. Yeye haliwi kamwe. Kwa hiyo kila shilingi anayoipata mshindi imetoka mfukoni mwa mtu aliyeketi meza ileile. Na tukiwajumlisha wachezaji wote pamoja, hutoka na fedha pungufu kuliko walizoingia nazo.

Kiswahili chetu kililijua hilo siku nyingi. Neno karata tulilipata kwa Wareno, pamoja na turufu, na majina ya zile aina nne: kopa, uru, shupaza na pau. Ni kumbukumbu ya mabaharia na askari waliofika pwani yetu mwaka 1498 na kupoteza Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Neno kamari tulilipata kwa Waarabu. Lakini vitenzi tunavyovitumia mezani ni vya kwetu wenyewe: aliyeshinda amekula, aliyeshindwa ameliwa. Sijui lugha nyingi, ila sidhani kama ipo iliyosema jambo hili kwa uwazi zaidi.

Meza ya kwanza ya poka ya fedha halisi katika intaneti ilifunguliwa na kampuni iliyoitwa Planet Poker tarehe 1 Januari 1998. Wasiwasi wa kwanza wa wachezaji ulihusu haki. Mezani kwa kawaida mtu humwona mgawaji akizichanganya karata kwa mikono yake. Humu ndani ya kompyuta ni nani anayezichanganya? Ili kuwaridhisha, watengenezaji wa programu iliyotumika waliitangaza hadharani njia yao ya kuchanganya. Mwaka 1999 wataalamu wa kampuni ya Reliable Software Technologies ya Marekani wakaisoma, wakaivunja.

Hapa nataka tukae kidogo. Karata 52 zaweza kupangwa kwa namna nyingi kiasi kwamba hesabu yake ina tarakimu 68. Akili ya mwanadamu haiwezi kuzishika. Lakini programu ile ilianza kuchanganya kwa kutumia namba iliyotokana na saa ya kompyuta, yaani idadi ya sehemu za elfu za sekunde zilizopita tangu usiku wa manane. Siku nzima ina sehemu hizo milioni 86.4 tu, na mipangilio iliyowezekana haikuzidi idadi hiyo. Wataalamu wale wakailinganisha saa yao na ya mtambo wa mchezo, mipangilio ikabaki kama 200,000. Kompyuta ya kawaida, ikishaambiwa karata mbili za mkononi na tatu za mezani, iliweza kuzitaja karata za kila mchezaji na zile ambazo zilikuwa bado hazijafunuliwa. Walifanya hivyo ili kuonya, na kasoro ikarekebishwa. Hata hivyo, watu waliokuwa wakiomba bahati usiku ule walikuwa wakiiomba saa.

Kilele cha kwanza kilikuja mwaka 2003. Mhasibu mmoja wa Tennessee mwenye umri wa miaka 27, Chris Moneymaker, ambaye jina lake la ukoo, na ni jina lake la kweli, lina maana ya mtengeneza fedha, aliingia katika shindano dogo la intaneti kwenye tovuti ya PokerStars kwa dola 86. Humo akapata nafasi katika mashindano ya dunia ya poka mjini Las Vegas, ambayo kiingilio chake kilikuwa dola 10,000. Akayashinda, akarudi nyumbani akiwa bingwa mwenye dola milioni 2.5. Mwaka ule wachezaji walikuwa 839. Mwaka 2004 wakawa 2,576. Mwaka 2005 wakawa 5,619. Mwaka 2006 wakafika 8,773. Kila mmoja alikuwa amehesabu kwamba kama mhasibu ameweza, kwa nini yeye asiweze? Katika hesabu hiyo hakuna aliyewaweka wale 838 walioliwa.

Televisheni nayo ilisaidia. Kamera ndogo zilizowekwa mezani zilionyesha karata ambazo wachezaji walikuwa wakifichana. Mtazamaji aliyeketi sebuleni kwake aliziona karata za wote, akajiona ana hekima kuliko mabingwa: "Mbona huyu anaingia mtegoni waziwazi?" Hakutambua kwamba hekima yake ilitoka katika kamera. Kesho yake alifungua akaunti na kuingia mezani bila kamera.

Fedha zilizofuata zilikuwa nyingi mno. Mwezi Juni 2005 kampuni ya PartyGaming, yenye makao yake Gibraltar, iliuza hisa katika soko la London ikithaminiwa kwa paundi bilioni 4 na zaidi, na kabla mwaka haujaisha ikahesabiwa miongoni mwa kampuni 100 kubwa za soko hilo. Sehemu kubwa ya mapato yake ilitoka kwa Wamarekani. Mwishoni mwa Septemba 2006 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuzuia benki kupitisha malipo ya kamari haramu ya intaneti, ikiwa imeshonwa ndani ya muswada wa usalama wa bandari. Siku ya kwanza soko lilipofunguliwa, hisa za PartyGaming zikapoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Rais George W. Bush alitia saini tarehe 13 Oktoba. Kampuni ile iliondoka Marekani. Nyingine zikabaki, zikitafuta njia za pembeni za kupitisha fedha. Nayo haja ya kupita pembeni huzaa mengine, kama mnavyojua.

Kama mtu anataka kuona kupanda na kushuka kwa kamari katika maisha ya mtu mmoja, atazame miezi michache ya mwaka 2009. Kwenye tovuti ya Full Tilt Poker alitokea mchezaji aliyejiita Isildur1. Hakuna aliyejua ni nani. Aliketi kwenye meza kadhaa kwa wakati mmoja dhidi ya wachezaji waliohesabiwa kuwa bora duniani, akawala mamilioni ya dola. Tarehe 21 Novemba, katika mgawo mmoja wa karata, zilikusanyika mezani dola 1,356,946, nazo zikaliwa na mpinzani wake, Patrik Antonius wa Finland. Tarehe 8 Desemba, katika muda wa kama saa tano, alipoteza takriban dola milioni 4.2 kwa Mmarekani Brian Hastings. Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini? Mwezi Januari 2011 alijitambulisha: alikuwa kijana wa Sweden, Viktor Blom, na wakati wa matukio yale alikuwa na umri wa miaka 19.

Lipo jambo dogo katika habari ile ambalo mimi naliona kubwa. Baadaye ilijulikana kwamba Hastings alikuwa amechambua pamoja na wenzake wawili kumbukumbu za maelfu ya michezo ya kijana yule, na mmoja wa wenzake alipewa adhabu na tovuti kwa kuvunja kanuni. Kijana alidhani anacheza na mtu mmoja.

Wapo waliodanganywa vibaya kuliko yeye. Mwaka 2007 wachezaji wa Absolute Poker walianza kumshuku mtu fulani aliyecheza kana kwamba anaona karata za wenzake. Wakalalamika, wakapuuzwa. Mmoja wao aliomba kumbukumbu za mchezo, na kampuni, kwa kuteleza, ikamtumia faili iliyoonyesha zaidi ya alichoomba. Kumbe ilikuwapo akaunti iliyoweza kuona karata zote, kama yule mtazamaji wa televisheni, ila yeye alikuwa ameketi mezani na dau mkononi. Mwaka 2008 hila ya namna hiyo ikafichuka kwenye tovuti dada ya UltimateBet, ambako ilikuwa imedumu kwa miaka, na waliodanganywa walirudishiwa zaidi ya dola milioni 22. Angalieni kwamba waliofichua ni wachezaji wenyewe, wakikesha na kalamu na hesabu.

Kisha ikaja siku ambayo wachezaji wenyewe huiita Ijumaa Nyeusi: tarehe 15 Aprili 2011. Waendesha mashtaka wa New York walifungua mashtaka dhidi ya watu 11, wakiwamo waanzilishi wa PokerStars, Full Tilt Poker na Absolute Poker, na anwani za tovuti hizo zikatwaliwa na serikali. Anayefuata kalenda ya Kanisa atakumbuka kwamba Ijumaa ile ilikuwa wiki moja kamili kabla ya Ijumaa Kuu. Siku mbili baadaye, Dominika ya Matawi, makanisa yetu yote yalisoma Mateso ya Bwana kadiri ya Mathayo, ambamo askari wanagawana mavazi ya Yesu kwa kuyapigia kura. Nao hawakuinua macho kumtazama mwenye mavazi.

Yaliyofunuliwa mwezi Septemba mwaka uleule ndiyo yaliyonisukuma kuandika tafakari hii. Mchezaji wa intaneti huweka kwanza fedha zake katika akaunti ya tovuti, kisha huchezea humo. Fedha hizo ni amana. Waendesha mashtaka walieleza kwamba hadi mwishoni mwa Machi 2011 Full Tilt ilikuwa ikidaiwa na wachezaji wake wa duniani kote takriban dola milioni 390, na katika benki ilikuwa na kama milioni 60 tu. Wakati huohuo, katika miaka minne iliyotangulia, wamiliki na wakurugenzi walikuwa wamegawiwa zaidi ya dola milioni 440. Zaidi ya hayo, kampuni iliposhindwa kuchota fedha kutoka benki za wachezaji, ilionyesha katika akaunti zao kwamba zimeingia. Watu wakawekeana dau fedha ambazo hazikuwapo. Wengine wakazila. Hebu fikirini: mshindi amekesha, amefurahi, pengine amemwambia mkewe, na alichokula ni tarakimu kwenye kioo. Mwendesha mashtaka aliuita mpango huo upatu wa dunia nzima, ambapo wa kwanza hulipwa kwa fedha za wa mwisho. Watanzania tunaokumbuka mwaka 2009 hatuhitaji kufafanuliwa upatu ni nini.

PokerStars iliwalipa wachezaji wake wa Marekani mapema. Wale wa Full Tilt walisubiri. Mwezi Julai 2012 PokerStars ilikubaliana na serikali kulipa dola milioni 731 na kuichukua Full Tilt, ili kutokana na fedha hizo wenye amana wafidiwe. Wamarekani walianza kulipwa mwaka 2014, karibu miaka mitatu baada ya milango kufungwa. Wengi walikuwa wameshazifuta mioyoni mwao.

Sasa nirudi kwenye hoja ya akili. Mwezi Agosti 2012 Jaji Jack Weinstein wa Brooklyn aliamua, katika hukumu ndefu, kwamba katika poka akili hutawala kuliko bahati, akamwondolea hatia mtu aliyekuwa ameendesha meza za mchezo huo. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu yake, ingawa haikukana nafasi ya akili. Ilisema kwamba sheria iliyohusika haijali kama mchezo ni wa bahati au la. Mimi nakubaliana na jaji, na nakubaliana na vijana wangu. Poka kwa kiasi kikubwa ni mchezo wa akili. Ila tuifuate hoja hiyo mpaka inakokwenda. Mchezo ukiwa ni bahati tupu, hakuna aliyemkusudia mwenzake. Ukiwa ni akili, basi mwenye ujuzi anajua kabla ya kuketi kwamba, karata zikigawiwa mara elfu kumi, atamla yule asiye na ujuzi. Na yule asiye na ujuzi ndiye asiyejua kwamba hana. Sharti la usawa limekwisha kuvunjika. Wachezaji wenyewe hawafichi. Dhaifu humwita samaki, na hodari humwita papa (nasema papa wa baharini, msinielewe vibaya). Ziliuzwa hata programu za kuhifadhi kumbukumbu za kila mchezaji, ili papa ajue samaki ameketi meza ipi.

Barazani, anayemla jirani yake mpaka nauli ya kurudi nyumbani humwona usoni, na mara nyingi atatokea mzee aseme: basi, mwacheni huyu aende zake. Mezani kwa intaneti mzee huyo hayupo. Lipo jina la kubuni na idadi ya fedha zilizobaki. Tena siku hizi mtu hana hakika kwamba aliye mbele yake ni binadamu. Mwezi Januari 2017, huko Pittsburgh, programu iitwayo Libratus ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ilicheza na mabingwa wanne kwa siku 20, migawo 120,000 ya karata, ikawashinda wote kwa jumla ya zaidi ya dola milioni 1.7 za hesabu ya mchezo. Tovuti hukataza programu za namna hiyo na kuziwinda. Lakini kijana aliye kitandani na simu yake saa nane za usiku hana njia ya kujua nani anamla.

Libaki sharti la kwanza, la mali iliyo ya mtu kweli. Mwaka 1998 aliyetaka kucheza alihitaji kompyuta na kadi ya benki. Huku kwetu, tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, mkoba na meza vimekuja kukaa katika kifaa kimoja. Na katika simu hiyo kuna nini? Kuna ada ya mtoto. Kuna mchango wa msiba uliokabidhiwa mtu mmoja auwasilishe. Kuna fedha za Jumuiya Ndogondogo alizonazo mtunza hazina kwa sababu tunamwamini. Namba inayoonekana kwenye kioo ni moja tu, haitenganishi kilicho chake na kilicho cha wengine. Full Tilt nayo ilikuwa na namba moja. Kwa hiyo, anayeniuliza kama ni dhambi, nami namuuliza kwanza: dau hilo ni la nani? Na ikiwa amekula kwa hila, mafundisho yetu hayakubadilika: toba bila kurudisha kilichochukuliwa haijakamilika.

Nao walionaswa wasidhani kwamba mlango umefungwa. Mtakatifu Kamili wa Lellis, askari wa Italia aliyezaliwa mwaka 1550, alifukuzwa katika hospitali ya Mtakatifu Yakobo huko Roma kwa sababu ya kupenda karata. Mwaka 1574 alipoteza mjini Naples kila alichokuwa nacho, akabaki akifanya kibarua katika ujenzi wa Wakapuchini. Tarehe 2 Februari 1575 akaongoka. Alirudi katika hospitali ileile, safari hii akiwahudumia wagonjwa, na hatimaye akakabidhiwa kuisimamia yote, pamoja na fedha zake. Shirika alilolianzisha la kuhudumia wagonjwa linafanya kazi mpaka leo, hata Afrika Mashariki. Sikukuu yake ni tarehe 14 Julai.